Kupanda Zigi: Safari ya Msitu wa Amani

Muheza

Atokaye Tanga mjini kuelekea Muheza hupita kwanza baina ya mashamba ya mkonge, ambayo safu zake zimenyooka mpaka macho yachoke kuzifuata, na akiwa mtu wa kutafakari hukumbuka kwamba zao hili, lililoipa Tanga mali na jina duniani, halikuwamo katika nchi hii kabla ya mwaka 1893, ambapo Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na katika aliyoiagiza ikasalimika 62 tu, nayo ndiyo iliyozaa mashamba yote hayo. Nimeanza na habari hiyo kwa kuwa njia ya kupanda Amani ni njia ya mimea iliyoletwa na mimea iliyokuwako tangu dahari, na mwenye kuishika tofauti ya makundi hayo mawili huuelewa msitu upesi kuliko asiyeishika.

Ulikuwa mwezi wa Juni, masika yamekwisha na pepo za kusi zikivuma, na soko la Muheza lilikuwa limejaa machungwa yaliyopangwa mafungu mafungu juu ya magunia, na mafenesi makubwa yaliyopasuliwa ambayo harufu yake ilitupokea kabla hatujayaona. Upande wa magharibi milima ya Usambara ya Mashariki ilikuwa imejitanda mawingu. Mzee mmoja muuza nazi, niliyemwamkia kwa shikamoo, alipokwisha kuitika marahaba na kuniuliza ninakokwenda, aliyaelekezea kidole yale mawingu akasema, "Mwanangu, huko hakuna kiangazi. Koti umechukua?"

Muradi wa masimulizi haya ni kuwaonyesha wasomaji mahali ambapo wengi wetu hatupajui, ijapokuwa pako karibu na pwani na faida yake hutufikia kila siku. Serengeti na Kilimanjaro husifiwa hata na watoto wa shule. Lakini msitu wa mvua ulio juu ya Muheza, ambao wataalamu wa mimea na ndege huvuka bahari kuja kuutazama, aghalabu hutajwa kwetu kwa mafungu ya iliki na mbao zake tu.

Zigi

Njia huacha minazi na michungwa ya Wabondei, huingia katika mabonde yenye kivuli, na hapo hewa hubadilika: joto hupungua, harufu ya udongo uliolowa hupanda, na sauti ya maji husikika kabla maji yenyewe hayajaonekana. Hapo ndipo Zigi, lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, mahali ambapo jengo la stesheni ya zamani limegeuzwa kuwa nyumba ya kuwapokea wageni na kuwapa habari za msitu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walitandika reli nyembamba kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya reli ya Tanga, mpaka hapa, kwa ajili ya kuteremsha magogo ya miti iliyokuwa imeishi mamia ya miaka. Reli hiyo imekwisha kung'olewa, na majani yameifunika njia yake. Ila jengo limebaki, na nyumba iliyosimamishwa kwa ajili ya kuuhamisha msitu sasa ni makao ya wanaoulinda.

Nilikaa kando ya mto mpaka baada ya al-asiri. Mto Zigi hutoka katika milima hii, huteremka kwa kelele baina ya majabali, hupokea maji ya vijito vingi pamoja na mto Kihuhwi, na kabla haujaifikia Bahari ya Hindi huzuiliwa katika bwawa la Mabayani, ambalo maji yake husafishwa na kupelekwa katika mabomba ya jiji la Tanga. Mwenyeji aliyekuwa akiniongoza, kijana wa Kisambaa aliyezaliwa katika kijiji cha pembezoni mwa hifadhi, alinieleza jinsi msitu unavyoulisha mto huo maji, na maelezo yake yalikuwa bora kuliko ya vitabu vingi. Mvua inyeshayo msituni, alisema, haiipigi ardhi moja kwa moja: huyapiga kwanza majani ya juu, ikatiririka kwenye matawi na mashina, ikaingia katika majani yaliyooza, ikanywewa na udongo, kisha udongo ukaitoa kidogo kidogo katika miezi isiyo na mvua. Ukatapo miti, mvua ni ile ile, lakini mto hufurika kwa tope siku mbili tatu, kisha ukanywea. Na mwenye kuteseka kwa tope na kwa ukame si mkata miti wa juu peke yake, bali ni mama wa Ngamiani, kule Tanga mjini, afunguaye bomba asubuhi akapata hewa tupu.

Usiku ule vyura hawakunyamaza, nami sikutaka wanyamaze.

Amani

Kesho yake tulipanda kwa njia yenye mizunguko mingi, na kila mzunguko ulitupandisha katika baridi zaidi, mpaka tukafika Amani, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa ya nyumba za zamani. Wajerumani walianzisha hapa mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo, ambacho Franz Stuhlmann alikisimamia katika miaka yake ya mwanzo na baadaye Albrecht Zimmermann, nacho kikapata sifa ya kuwa mahali pa elimu kubwa kabisa ya namna hiyo katika Afrika ya siku zile. Mimea ya Asia, ya Amerika na ya visiwa vya bahari za mbali ililetwa ikapandwa kwenye miteremko hii ili ijulikane ipi itafaa biashara. Na mpaka leo mtu atembeaye katika bustani ile huonyeshwa mikafuri, midalasini, mikarafuu, misaji, mianzi minene na misinkona, ambayo magome yake hutoa dawa ya kwinini.

Dawa hiyo ina historia yake. Vita vilipoanza mwaka 1914 na bahari ikafungwa na manowari za Waingereza, jeshi la Wajerumani katika nchi hii halikuwa na njia ya kupata kwinini kutoka ng'ambo, na magome ya misinkona yakawa ndiyo tegemeo la askari waliokuwa wakishikwa na homa porini. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Amani. Baadaye wakaifanya kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika ya Mashariki yote, na kituo hicho kilipohamishiwa Kenya, nyumba zake zikapewa utafiti wa malaria, kazi ambayo jina la Amani limeendelea kuibeba ndani ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Chakula cha mchana nilikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja mjane, aliyetuandalia muhogo wa kuchemsha, maharage yaliyoungwa kwa nazi, mnavu, na chai iliyokolea iliki. Nilipousifu muhogo ule, alicheka akasema, "Kula, baba, muhogo wetu hauna masharti." Nami nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba muhogo wa Afrika una deni kwa mlima huu: katika miaka ya 1930, ugonjwa wa batobato ulipokuwa ukiyanyausha majani ya mihogo na kuleta hofu ya njaa, wataalamu wa Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, waliupandisha muhogo na mti wa mpira wa Ceara, ambao ni wa ukoo mmoja nao, ili mbegu ipate ukakamavu wa kuupinga ugonjwa. Na uzao wa kazi hiyo ulikuja kuwa msingi wa mbegu zilizosambazwa katika nchi nyingine za bara hili. Bila shaka kuna watu mbali na hapa, wasiolijua hata jina la Usambara, ambao hushiba kwa sababu ya subira ya watu waliofanya kazi katika ukungu huu.

Mbomole

Siku iliyofuata tuliondoka alfajiri kuelekea kilima cha Mbomole, kwa kuwa mwenyeji wangu aliniambia kwamba jua likipanda ndege hunyamaza. Ndani ya msitu nuru ilikuwa ya kijani, na mashina ya mitambara na minyasa yalipanda wima kupita urefu ambao shingo inaweza kuufuata, huku mizizi ya ubavuni ya minyasa mikongwe imekuwa kuta ambazo mtu mzima hujificha nyuma yake asionekane. Mwenyeji wangu aliitambua miti kwa kulichanja gome kidogo kwa ukucha na kunusa. Alinionyesha msambu, ambao matunda yake makubwa yana mbegu zenye mafuta mazuri, na wanakijiji huziokota zikianguka wakaziuza, pasipo mti kuguswa kwa shoka.

Juu yetu hondohondo walipita kwa mvumo wa mbawa zao nzito. Kulukulu, mwenye mbawa nyekundu azifichazo mpaka arukapo, aliitana na mwenzake. Na mbega weupe kwa weusi walituangalia kutoka matawini, manyoya yao ya mabegani yakining'inia kwa taadhima. Lakini mambo adhimu kuliko yote ya Amani ni madogo. Mwenyeji aliinama akafunua majani yaliyooza akanionyesha chura asiyezidi ncha ya kidole, wa jamii ambayo haiweki mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto hai walio vyura kamili, kwa kuwa katika msitu wenye unyevu wa kudumu hana haja ya kulitafuta dimbwi. Viumbe wa namna hii hawawezi kuhama: kivuli kikiondoka na ardhi ikakauka, huo ndio mwisho wao.

Katika ufa wa jabali lenye kivuli, karibu na kijito, nililiona ua ambalo watu wengi wa Ulaya na Amerika wanalo madirishani mwao pasipo kujua lilikotoka. Ni ua dogo la rangi ya urujuani, lenye majani ya mahameli. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, aliliokota katika milima hii akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliandika katika vitabu vya elimu kwa jina la Saintpaulia. Tangu hapo limezalishwa kwa mamilioni katika vyungu, ilhali lile la asili limebaki katika majabali machache yenye unyevu, likitegemea miti iliyo juu yake isikatwe.

Tulipofika kileleni mawingu yalifunguka, na mashariki, mbali, ukaonekana mstari wa bahari. Hapo nilifahamu kwa macho jambo nililokuwa nikilijua kwa maneno. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ianziayo milima ya Taita katika Kenya na kuishia Udzungwa, na upepo utokao Bahari ya Hindi ukiigonga hupanda, ukapoa, ukawa mvua, hata Amani hupata milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka. Katika vipindi vya kale, hali ya hewa ya dunia ilipobadilika na misitu ya bara ikanyauka, bahari haikuacha kuinywesha milima hii, na kwa hiyo viumbe waliopotea kwingine walisalia hapa, wakazaa jamaa zao za peke yao kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana mna chozi aitwaye kwa jina la Amani, na vinyonga, jongoo, na miti ambayo kwao ni hapa.

Lakini njiani kurudi mwenyeji alinionyesha musizi, mti mrefu wenye umbo la kupendeza, akasema kwa huzuni kwamba huyo ni mgeni asiyetaka kuondoka. Ulipandwa katika milima hii kwa ajili ya mbao, ukitoka katika misitu ya nchi za Maziwa Makuu. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu kila mahali palipokatwa miti, na musizi ukamea upesi kuliko miti ya asili na kuishika nafasi yake. Kosa la miaka michache huchukua karne kulirekebisha.

Derema

Kutoka Amani tulikwenda Derema kwa njia ipitayo katika mashamba ya chai, na mabadiliko yale huushtua moyo: hatua moja umo katika kivuli, hatua ya pili umo juani, mbele ya vilima vilivyotandikwa busati la kijani lililopunguzwa sawasawa. Hapa palikuwa na shamba la kahawa katika miaka ya 1890, Wajerumani waliodhani kwamba udongo uliozaa miti mikubwa namna ile lazima uwe na rutuba isiyokwisha walipokata msitu na kupanda. Na kahawa ikawasaliti. Rutuba ya msitu wa mvua haikai sana udongoni, bali imo katika miti yenyewe na katika majani yaangukayo na kuoza na kurudi juu tena. Ukiiondoa miti, umekiondoa na chakula, na mvua huosha kilichobaki.

Fundisho hilo hilo wakulima wa iliki walilipata kwa njia yao. Iliki hupenda kivuli, na kwa hiyo mkulima hakuwa na haja ya kuuangusha msitu wote: alifyeka miche na vichaka vya chini akaacha miti mikubwa, na mtu aliyetazama kwa mbali alidhani msitu u mzima. Lakini msitu usio na miche hauna warithi, na baada ya miaka kadhaa iliki hupungua, mkulima akasogea mbele, akafyeka tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipokata shauri kuuhifadhi msitu wa Derema ili uwe daraja baina ya misitu ya kusini na ya kaskazini, wakulima zaidi ya elfu moja walilipwa fidia ya mazao yao na kuiacha ardhi ile.

Nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwao. Alinikaribisha kitako barazani, akanimiminia chai, akasema pasipo ghadhabu, "Mwanangu, iliki ndiyo iliyowasomesha watoto wangu. Fedha niliyopewa ilikuwa ya mara moja, na iliki ilikuwa ya kila mwaka. Msitu ni mzuri, maji ni mazuri, mimi sikatai. Ila uzuri huo wanywao ni wengi, na aliyelipa ni mimi." Sikuwa na jibu la kumpa, wala sijalipata jibu la kuyapinga maneno yake.

Haifai kudhani kwamba watu wa milima hii ndio adui za msitu. Masimulizi ya Wakilindi, watawala wa zamani wa Usambara, ambayo Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliyakusanya na kuyaandika kwa Kiswahili katika kitabu chake Habari za Wakilindi, yanatukumbusha utawala wa watu waliojua thamani ya nchi yao; na mfalme wa Wasambaa alihesabiwa kuwa mdhamini wa mvua, akisifiwa ikinyesha na kulaumiwa ikikosekana. Shoka kubwa lilikuja baadaye: katika miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha mbao, kikisaidiwa na fedha za Finland, kilikata miti ya asili kwa mashine katika misitu hii, mpaka ukataji huo ukasimamishwa mwaka 1987. Insafu inanitaka niseme pia kwamba Finland hiyo hiyo iligeuka ikasaidia kazi ya hifadhi, na kwamba juhudi hizo zilizaa mwaka 1997 Hifadhi ya Amani, yenye hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake katika Tanzania, kisha mwaka 2000 Usambara ya Mashariki ikatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya binadamu na viumbe hai.

Fanusi

Wakati wa kuteremka nilipumzika Fanusi, kijiji ambacho wanakijiji wake, wengi wao wanawake, walijifunza kufuga vipepeo. Huwanasa wachache msituni, huwaweka katika vibanda vya wavu, huotesha mimea ambayo kila aina ya kiwavi huila, na viwavi wakishajifunga walikuwa wakiwauza wakiwa bado katika vifuko vyao, wapelekwe kwenye majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Mmoja wa wafugaji aliniambia kwamba tangu aanze kazi ile ameanza kuijua mimea ya msitu kwa majina, kwa kuwa mmea uliokuwa gugu umekuwa ada ya shule. Lakini mwaka 2016, serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, vipepeo nao waliingia katika katazo hilo, na watu waliokuwa wamefanya kila walichoambiwa wakakosa soko kwa jambo lisilowahusu.

Nalitaja hili pamoja na maneno ya mzee wa Derema kwa sababu yananieleza jinsi msitu unavyopotea wakazi wake wakikosa faida ya kuulinda. Mwishoni mwa mwaka 2003, habari za dhahabu zilipoenea kutoka Sakale, katika milima hii hii, watu kwa maelfu walipanda mlimani wakachimba katika vijito, na maji ya Zigi yakachafuka. Askari waliweza kuwaondoa. Lakini askari hawezi kusimama kila mtini. Anayeweza ni mkazi wa kijiji, naye atalinda iwapo ulinzi unamlisha.

Mwanzo mwema umekwisha kupatikana. Wakulima wa mabonde ya mito hii wamefanya umoja wao uitwao UWAMAKIZI, wa kuhifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, wakipanda miti kando ya vijito na kuacha kulima kwenye kingo, na mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikiwaunga mkono. Vijiji navyo vimetenga misitu yao wenyewe na kuisimamia. Imani yangu, baada ya kuipanda njia hii na kuishuka, ni kwamba jambo hilo halipaswi kuachwa katika hali ya msaada, ambao hutolewa mwaka huu na kusahauliwa mwaka ujao. Katika kila ankara ya maji ilipwayo Tanga, na kiwanda na hoteli na nyumba ya mtu binafsi, iwemo sehemu inayojulikana, iliyoandikwa katika sheria, ya kurudi kwa wakulima wa juu walioacha kulima ili sisi tunywe. Na ile sehemu itolewe mbele ya macho ya watu, kijiji kwa kijiji, ili mzee wa Derema aipokee kila mwaka kama alivyokuwa akiipokea iliki yake. Maji tunayapima kwa mita na kuyalipia kila mwezi. Kazi ya aliyeyahifadhi inastahili kipimo hicho hicho.